Kumtafuta Babu Aliyezaliwa Kabla ya Vitabu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na walimu katika sherehe za Jubilei)



Katika Jubilei watu hupenda kuhesabu miaka. Tumekwisha kusikia ya kuwa Emin Pasha alifika Bukoba pamoja na Wajerumani mwaka 1890. Ya kuwa Mapadre Weupe waliweka misheni Kashozi mwaka 1892, siku za Askofu Hirth. Na ya kuwa ndugu zetu Waluteri walipata wamisioni wa Bethel mwaka 1910. Habari hizo zimeandikwa, nazo ni njema. Lakini wale waliowapokea wageni hao, walikuwa nani? Mtu aliyepanda migomba ya kwanza katika kibanja chetu twamjua? Wengi wetu tukiulizwa jina la baba yake babu, twanyamaza. Basi leo twataka kueleza jinsi mtu wa Bukoba na Muleba awezavyo kutafuta habari za mzee wake aliyeishi katika karne ya kumi na tisa, yeye na jamaa yake.

Kazi hii si ya majivuno, wala si ya kupitisha wakati. Ina faida tatu. Ya kwanza ni ndoa. Kila mmoja wetu ana oruganda wake na omuziro wake: Wahinda hawali nkende, Wabito hawali ngabi, na watu wa oruganda mmoja hawaoani. Kijana asiyejua ukoo wake aweza kumchumbia dada yake bila kujua. Ya pili ni shamba. Kesi nyingi za kibanja huanza kwa neno moja: nani alikuwa mtoto wa nani. Ya tatu ni yatima. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa Kagera, na miaka iliyofuata iliondoa wazazi wengi kabla hawajawafundisha watoto wao majina ya wazee. Watoto hao leo wana watoto wao. Wakiuliza, ni nani atakayewajibu?

Sasa twende kwenye njia yenyewe. Njia ya kwanza ni kinywa. Mtu aanze na nafsi yake, kisha baba na mama, kisha babu na bibi, akipanda ngazi moja moja, asiruke. Awaendee wazee nyumbani kwao, amwulize kila mmoja peke yake, maana mzee mmoja akisikia mwenzake amekwisha kusema, humfuata tu kwa heshima. Aandike maneno yao siku ile ile, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Awaombe wanaume wazee waseme ebyebugo vyao, yaani majigambo, kwa kuwa humo mtu hujitaja, humtaja baba yake, tena husema alikotoka na aliyoyatenda. Wala asiwapite akina mama. Mwanamke aliyeolewa huja na habari za oruganda mwingine, na mara nyingi bibi mmoja ajua jamaa mbili, ambapo babu ajua yake tu.

Hapa pana jambo moja la kuangalia. Mzee akisema, "Fulani alikuwa ndugu ya babu," yatupasa kuuliza: ndugu wa tumbo, ndugu wa oruganda, au ndugu wa omukago? Zamani watu wawili walifunga undugu kwa kula buni zilizotiwa damu, na undugu huo uliheshimiwa kama wa kuzaliwa. Asiyeuliza atamwandika rafiki wa babu kuwa mtoto wa mama mmoja.

Wazee hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, walakini walikuwa na kalenda yao. Walisema, alizaliwa siku za Mukama fulani, au alioa mwaka wa sotoka. Sotoka ile kubwa iliyomaliza ng'ombe yajulikana: ilikuwa kadiri ya mwaka 1890 na 1891. Twajua pia ya kuwa Wajerumani walipofika walimkuta Mutatembwa akitawala Kiziba. Na ya kuwa Bukoba ilipigwa na Waingereza mwezi wa Juni mwaka 1915. Kwa vigingi kama hivyo mtu aweza kufunga maisha ya babu yake mahali pake.

Njia ya pili ni kibanja. Wazee wetu walizikwa katika mashamba yao, chini ya migomba yao wenyewe. Tuzunguke pamoja na mzee anayejua, tuulize kila kaburi ni la nani, tuuangalie mulamula uliopandwa mpakani, na tuchore ramani ndogo. Kibanja ni kitabu, lakini kinafutika: kaburi lisilo na jiwe hupotea akifa yule alijuaye.

Njia ya tatu ni vitabu vya ubatizo. Padre alipombatiza mtu aliandika, kwa Kilatini, siku, jina jipya, majina ya baba na mama, na msimamizi. Na kwa mtu mzima alikadiria umri wake. Tuchukue mfano. Tukimkuta mtu aliyebatizwa mwaka 1905, naye ameandikiwa kadiri ya miaka 40, basi alizaliwa karibu na mwaka 1865. Sotoka ilimkuta ni mtu wa miaka 25, pengine ana mke na ng'ombe. Na baba yake, ambaye jina lake limeandikwa hapo, alizaliwa kabla Speke hajafika Karagwe mwaka 1861. Tazameni: mstari mmoja watupa vizazi viwili.

Wala tusidhani ya kuwa watoto tu ndio waliobatizwa zamani hizo. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa cheo hicho mwaka 1960, alizaliwa Bukongo, upande wa Muleba, mwaka 1912; akabatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyumba nyingi: tukimpata mtoto, tutazame majina ya jirani katika ukurasa ule ule.

Lakini asomaye awe na saburi katika majina. Wamisioni wa kwanza walitoka Buganda, na vitabu vya kwanza vya dini hapa vilikuwa vya Kiganda. Kwa hiyo majina mengi yaliandikwa kwa masikio ya Kiganda au ya Kizungu. Anayetafuta Rwa- atafute na Lwa-. Tena mtu alikuwa na jina la nyumbani, jina la sifa, na jina la ubatizo. Watu watatu katika karatasi waweza kuwa mtu mmoja.

Je, maneno ya kinywa ni ya kweli? Sikilizeni habari ya Katuruka, kule Maruku. Wazee wa huko walisimulia ya kuwa Mukama Rugomora Mahe alifua chuma mahali pale chini ya mti wa Kaiija, ili ajenge mnara wa kufika mbinguni. Mwaka 1970 Mmarekani Peter Schmidt, mtaalamu wa kuchimba mambo ya kale, aliwafuata wazee hao akachimba walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000, yaani ya kale kuliko Mukama huyo kwa karne nyingi. Twajifunza nini? Kinywa kilishika mahali na kazi bila kukosa; wakati ndio uliohama. Basi tukisikia habari ya babu, tuamini upesi mahali na tendo, lakini mwaka tuupime.

Huko Marekani, wenye kutafuta babu zao wa karne ile wana vitabu vya kuhesabu watu tangu 1790, kila miaka kumi. Na tangu 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Lakini watumwa waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao; watu weusi waliokombolewa hawakuanza kuandikwa wote kwa majina ila mwaka 1870. Watoto wao wakifika mwaka huo hugonga ukuta. Sisi tuliokosa karatasi tuna majina. Wao wenye karatasi wamenyimwa majina. Itakuwa aibu gani basi, kama majina hayo tutayaacha yafe kwa uvivu?

Pengine mtu huogopa kutafuta, asije akakuta babu alikuwa mtumwa au mtwana wa mtu. Tusiogope. Adrian Atiman aliibwa akiwa mtoto upande wa Timbuktu, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga Malta, akaja Karema mwaka 1889. Akawatibu watu wetu wa Tanganyika mpaka alipokufa mwaka 1956. Nani atamwonea haya mzee kama huyo?

Tena tusifiche majina ya mabinti. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, katika shauri la mwanamke Mhaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, iliamua ya kuwa mwanamke ana haki ya kuliuza sawasawa na mwanamume. Ukoo unaoandika wana tu huandika nusu ya jamaa, na nusu ya haki.

Basi twawaomba ninyi walimu: kila mtoto wa darasa la juu apewe daftari moja, aandike majina ya vizazi vinne, upande wa baba na upande wa mama, pamoja na omuziro na mahali pa makaburi. Ninyi wazee, msingoje kuulizwa, waiteni wajukuu. Na ninyi mnaotunza vitabu vya parokia, vitieni mahali pakavu, mbali na mchwa. Mzee mwenye miaka 90 leo aliwaona kwa macho yake watu waliozaliwa kabla ya Kashozi. Twendeni kwake wiki hii, na kalamu mkononi.