Bei ya Gazeti Kuukuu

Kijana mmoja wa hapa kwetu Karurumo hupanda matatu hadi Nairobi kutafuta nakala za Joe, gazeti la katuni na vichekesho lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, likakoma 1979. Zimekuwa adimu, maana gazeti likiisha kusomwa lilifungiwa sukari. Yeye huzisaka kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, wale waitwao "inama", kwa kuwa usipoinama huoni kitu.

Siku moja akaikuta nakala chini ya vitabu vya shule. Mama mwenye vitabu akataka shilingi hamsini tu; kijana alijua wako watakaoinunua kwa mia kadhaa. Je, anyamaze? Wengi husema biashara ni biashara. Lakini Mithali 20:14 yamtaja mnunuzi anayedharau mali ya mwenziwe, kisha ajisifu njiani, na mimi sioni tofauti kubwa kati yake na anayenyamaza. Kijana akasema kweli. Mama akacheka: "Basi mwanangu, lete mia mbili. Nikipata nyingine nitakuwekea."