MAANA YA KUTENDA KWA HIARI
Hotuba ya makatekista katika sikukuu ya yubilei



Katika siku hizi za yubilei neno moja limerudiwa mara nyingi katika barua na matangazo, nalo ni "kwa hiari". Kuna kazi ya hiari, mchango wa hiari, hata ulinzi wa hiari. Sisi tulio na kazi ya kueleza maneno twaona yafaa tulitazame neno hili kwa makini, kwa maana neno likitumiwa ovyo, mwisho watu hawalisadiki tena.

Waingereza wana neno lao "voluntary", nalo latokana na Kilatini "voluntas", yaani nia au mapenzi ya mtu. Wao hulitumia kwa mambo mengi. Shule na hospitali za misheni waliziita hivyo, kwa kuwa hazikuwa za Serikali. Waganga huita hivyo misuli ituitikiayo tutakapo kunyosha mkono, tofauti na moyo udundao hata tulalapo. Hata wimbo upigwao kwa kinanda kabla au baada ya ibada huitwa kwa jina hilohilo. Katika hayo yote hapana lisemalo kwamba mtu asilipwe. Lisemwalo ni kwamba jambo halikutoka katika amri.

Kiswahili chatupa maneno mawili mahali pa hilo moja. "Hiari" latoka katika Kiarabu, nalo lahusu kuchagua: mwenye hiari ni yule awezaye kukubali au kukataa. "Kujitolea" ni kutoa, na kitolewacho ni nguvu na wakati wa mtu mwenyewe. Mwalimu apataye mshahara aliingia kazini kwa hiari, lakini hatusemi kwamba ajitolea. Tena mtu aweza kutumikishwa bure, asipate hata senti moja, na hiari asiwe nayo.

Wazee wetu waliijua tofauti hiyo kwa mabega yao. Katika vita ya 1914–1918 Wadachi na Waingereza wote wawili walichukua watu wetu kubeba mizigo, na wengi hawakurudi. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, hata leo wachukua jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Katika vita ya pili watu walichukuliwa kwa sheria kwenda kukata mkonge. Shida ilikuwa kubwa, lakini amri iliitwa amri.

Jambo gumu zaidi lilitupata baada ya Uhuru. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu waingie vijiji vya ujamaa kwa kupenda wenyewe. Huko Isimani, mkoani Iringa, palikuwa na wakulima wenye mashamba makubwa ya mahindi, na wengi wao hawakupenda. Siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa huko na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi wa shamba, naye Mwamwindi akahukumiwa kifo. Hatuwahukumu marehemu. Twasema tu kwamba watu walipoambiwa "mwapenda", nao hawajapenda, maneno yaliwaishia. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kukaa vijijini sasa ni amri.

Lakini yako mahali ambapo neno hili limetunzwa vizuri. Katika Jeshi la Kujenga Taifa, vijana wa kujitolea na wale wa mujibu wa sheria hutajwa mbalimbali, wala hapana adanganywaye. Katika upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI, uliohubiriwa sana Mbeya na Iringa, mtu huelezwa kwanza, kisha huulizwa, na jibu lake ni siri.

Basi, ndugu zetu, hicho ndicho kipimo: tutazame yampatayo mtu asemaye hapana. Mchango ukiitwa wa hiari, kisha majina ya wasiotoa yakasomwa mbele ya watu, mjane aliyekosa fedha ainamishe kichwa, huo ni ushuru uliovikwa nguo ya hiari. Ikiwa jambo ni la lazima, tuliite wajibu, tueleze sababu, na maskini tuwapunguzie. Wajibu hauna aibu. Kodi twailipa wala hapana aiitaye zawadi. Tena kijana afundishaye kwa kujitolea miaka mingi kwa sababu hana ajira, tusimsifu tu kwa moyo wake, bali tuulize amekula nini.

Mtume Paulo angeweza kumwamuru Filemoni katika habari ya Onesimo. Hakutaka. Alimngoja akubali mwenyewe, ili wema wake uwe wake kweli.

Wahenga wamekwisha kutuambia: hiari yashinda utumwa. Twawaomba wenye kushika daftari za michango walikumbuke neno hilo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.