Roho Mtakatifu ndani ya depo

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6, tangu mstari wa 1 mpaka wa 7. Wekeni kidole hapo, tutarudi.

Mwanzo wa mwezi wa 12, mwaka uliopita, nilikuwa Marekani, katika mji wa Charlotte, North Carolina. Binti yangu na mume wake wanakaa kule tangu walipotoka kambi ya wakimbizi. Siku ya tatu akaniambia: “Baba, kesho tunakwenda kutumika kwenye depo.” Nikafikiri ni kazi ya mshahara. Kumbe ni ya bure. Nikashangaa. Mtu anafanya kazi usiku kucha, halafu siku yake ya kupumzika anakwenda kufunga kartoni?

Depo ile ni ya shirika la Samaritan's Purse, na kazi yenyewe inaitwa Operation Christmas Child. Ilianzia Wales mwaka 1990. Mume na mke, Dave na Jill Cooke wa mji wa Wrexham, waliona kwenye televisheni hali ya yatima wa Romania, wakakusanya zawadi na kuzipeleka kwa kamio. Mwaka 1993 Samaritan's Purse, chini ya Franklin Graham, mtoto wa mhubiri Billy Graham, likaibeba kazi hiyo. Familia inachukua sanduku la viatu, inalijaza vitu vya mtoto mmoja, inaandika juu yake kama ni mvulana au msichana, na umri wake: miaka 2 mpaka 4, 5 mpaka 9, au 10 mpaka 14. Mwezi wa 11 makanisa yanakusanya, na kamio zinaleta kwenye depo.

Sasa sikilizeni kazi ya mezani. Wa kwanza anafungua kifuniko na kutafuta pesa, maana wengine wanaweka mchango wa safari ndani ya sanduku. Pesa hiyo inatoka kwanza. Anayefuata anakagua. Anatoa bombo, dawa ya meno, vitu vya majimaji, vya kuvunjika, dawa za hospitali, vitu vilivyokwisha kutumika, na mchezo wowote wenye sura ya vita. Nafasi ikibaki wazi, wanaongeza kitu kutoka pembeni. Kisha skochi, kisha sanduku linaingia kwenye kartoni kubwa pamoja na ya umri wake. Katikati ya kazi wanasimama wote, wanaombea watoto wasiowajua, halafu mikono inarudi kazini.

Mimi waliniweka kwenye kukagua. Nilisumbuka! Sanduku la kwanza tu, pakiti ya bombo. Nikaishika sana, nikisema moyoni: mtoto wa kwetu angeruka kwa furaha. Mama mmoja mzee, msimamizi wa meza yetu, akausoma uso wangu. Binti yangu akatafsiri maneno yake: kuna nchi ambazo dwane haipitishi vitu hivyo, na kitu kidogo kinaweza kusimamisha mzigo mkubwa. Nikatoa. Lakini baadaye nikafungua lingine, na ndani yake kulikuwa na bunduki ya plastiki, ya rangi ya kijani, ndogo kama kiganja. Hapo sikuhitaji mtafsiri. Aliyeiweka hakuwa na ubaya, naamini hivyo. Kwake bunduki ni mchezo wa mtoto. Watoto wetu wanajua silaha kwa mlio wake, kabla hawajajua kusoma. Nikaitupa kwenye pipa, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka.

Masaa yakapita. Miguu inauma, hakuna anayeniita mchungaji, hakuna kiti cha mbele. Na pale, nikiwa nimeshika sanduku la msichana wa miaka 5 mpaka 9, Bwana akanikumbusha jambo ambalo sikupenda kulikumbuka.

Wapendwa, ninalisema leo mbele yenu. Zamani, kabla sijaja kwenu, nilikuwa shemasi mahali pengine. Karibu na Noeli zawadi za yatima zilikuja kanisani. Zililala usiku mmoja ndani ya biro. Sisi tuliokuwa na ufunguo tukasema tunaingia kuhesabu tu. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na watoto nyumbani, na mishahara haikuwa imetoka miezi mingi. Nikachukua pupe moja yenye gauni jekundu. Moja tu, nikajiambia. Mwenzangu akachukua moja tu. Na yule mwingine, moja tu. Kesho yake watoto walipanga mstari, na mstari ukawa mrefu kuliko zawadi. Msichana wa mwisho nilimpa kaye bila biki, maana hakukuwa na kitu kingine. Akapiga goti, akasema: “Asante, Baba.”

Nimesikia shukrani nyingi maishani mwangu. Ile ndiyo iliyonikalia kooni.

Na mtoto niliyempelekea ile pupe ndiye aliyekuwa amesimama kando yangu kule Charlotte, akikata skochi. Nikamwambia pale pale. Hakushangaa. Akasema: “Baba, nilijua. Mama alinikataza kutoka nayo nje, watu wasiione.” Kumbe miaka yote hiyo nyumba yangu ilijua, na mimi nilikuwa nikihubiri.

Sasa rudini kwenye Matendo 6. Moto wa Pentekoste bado unawaka Yerusalemu, watu wanaongezeka, na katika kanisa hilo hilo wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani wanasahauliwa wakati wa kugawa chakula. Mitume hawakusema haya ni mambo ya mwili, tuombe tu. Waliomba kanisa lichague watu saba, wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya meza! Sisi tunatafuta ujazo wa Roho kwa anayehubiri na anayeimbisha. Kwa anayeshika ufunguo wa depo tunatafuta binamu yetu.

Someni pia 2 Wakorintho 8, mstari wa 16 mpaka wa 21. Paulo hakubeba mchango wa Yerusalemu peke yake. Alimtuma Tito, na ndugu wengine pamoja naye, tena mmoja wao amechaguliwa na makanisa. Anaeleza wazi kwamba hataki mtu apate neno la kuwalaumu, na kwamba mambo yawe sawa mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Huyu ni mtu aliyeona maono makubwa. Kama yeye alihitaji mashahidi, mimi mwenye pupe ya gauni jekundu ni nani?

Kwa hiyo mwaka huu tunafanya hivi. Vitu vya watoto waliokimbia vita na kupokelewa kwa familia za hapa kwetu vitakaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Mlango una kufuli tatu: ufunguo mmoja kwa shemasi, mmoja kwa mama wa umoja wa wanawake, mmoja kwa kijana wa kwaya. Mimi sina hata mmoja. Orodha itabandikwa mlangoni, kila mtu asome. Wajukuu wangu hawamo.

Leteni kaye, biki, sabuni, nguo nzima zilizofuliwa. Bombo leteni, hapa hatupiti dwane. Bunduki za plastiki, hapana. Wanaotaka kufunga waje Jumamosi saa tatu asubuhi na mkasi, na wajue kwamba watasimama mpaka mchana.

Binti yangu ametuma pesa kidogo, na neno moja: inunuliwe pupe, na kama inapatikana, yenye gauni jekundu. Imeandikwa kwenye daftari, namba 1, na wale watatu wametia sahihi.