Mkija Kutupima, Mrudi na Majibu



Leo sizungumzi juu ya polisi. Nataka tuzungumze juu ya damu zetu, na wale wanafunzi wa masta wanaoingia mitaani na fomu za maswali. Wengi wetu tukiwaona twawakwepa, ama twajibu haraka haraka tupate soda twende zetu. Mimi nasema tukae nao, lakini kwa masharti yetu.

Angalieni Owino Uhuru, hapo Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Risasi, yale madini, huioni kwa macho. Ikiingia mwilini mwa mtoto hujifanya kalisiamu, ikajificha kwenye mifupa, ikaharibu ubongo unaokua. Mama mjamzito humpitishia mwanawe aliye tumboni. Mtoto anaumwa tumbo, analegea, darasani hashiki kitu. Utasema mvivu. Mwengine atasema ana jini, aandikiwe kombe. Dua ni yetu na hatuiachi, lakini mwenye kiwanda analala usingizi.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe aliugua, akapimwa, ikaonekana ni risasi. Akawakusanya majirani, wakaandamana, na 2014 kiwanda kikafungwa. Lakini kufunga mlango hakumtibu mtoto, na mbele ya jaji uchungu wa mama peke yake hautoshi. Utaulizwa karatasi ya maabara.

Utafiti uliochapishwa 2018 ulilinganisha damu za watoto wa Owino Uhuru na za watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine wa Mombasa. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita, Bangladesh 3.7. Mara mbili! Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama. Kati ya walioandika walikuwemo watu wa FELTP, programu inayofunza wachunguzi wa magonjwa hadi masta. Sisemi karatasi hiyo ndiyo iliyoshinda kesi. Walioshinda ni wenyeji waliosimama miaka yote. Julai 2020 korti iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaipangua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa tujiulize: mitaa mingapi ina kikohozi, ina vipele, ina maji ya chumvi, na haina hata namba moja ya kuonyesha?

Kwa hivyo mwanafunzi akija, muulizeni kibali cha NACOSTI na barua ya kamati ya maadili. Kisomeni, si kukitazama tu: jina lake, kaunti, mada. Muulizeni swali la utafiti limetoka wapi. Kama limeandikwa lote chuoni, mwambieni akae kwanza na akina mama na wahamasishaji wa afya wa mtaa, huenda akagundua anauliza siko. Dada zetu wahojiwe na dada. Na kabla hajavaa joho, arudi barazani atueleze alichokipata, kwa Kiswahili.

Najua kwetu kuandikwa jina kunatisha. Kuna mama bado wanatafuta wana wao. Basi jueni una haki ya kukataa, na ukishakubali una haki ya kujitoa, na hakuna wa kukunyima dawa kwa sababu hiyo. Muulize jina lako litafichwa vipi na fomu zitakaa kwa nani. Akibabaika, usitie sahihi.

Nanyi wa vyuo mlioko hapa, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Mtaa una swali, nyinyi mna maabara na msimamizi.

Kabla ya Alasiri, kila mtaa utaje swali lake moja la afya. Dada aliye karibu na mlango ana daftari. Wanafunzi, msiondoke kabla hamjachagua.