Bwana Msa na Maigret: Kumsoma Mwandishi Mmoja kwa Kulinganisha

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, aliandika riwaya saba za upelelezi zenye mpelelezi mmoja, Bwana Msa. Ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968; kisha, katika miaka ya 1970, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa. Kosa la Bwana Msa lilifunga orodha mwaka 1984. Wengi hukisoma kimojawapo shuleni na kuishia hapo. Hasara yake ni kwamba hubaki wakimjua mpelelezi bila kumjua mwandishi.

Mambo yasiyobadilika hayana kazi kubwa katika kulinganisha. Bwana Msa huvuta kiko chake, Najum humwandama akiuliza yale ambayo msomaji angeuliza, na Inspekta Seif huwakilisha serikali. Hata jina la mpelelezi ni herufi za kwanza za jina la mtungaji. Kwamba Sherlock Holmes na Daktari Watson wako nyuma ya watu hawa ni jambo lililokwisha kusemwa sana, na ni kweli, lakini halielezi kwa nini riwaya ya sita haifanani na ya kwanza. La kufuatilia ni swali ambalo kila kitabu kinauliza.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale swali ni nani kamuua Bwana Ali Bomani, tajiri aliyekutwa maiti penye mzimu. Ugumu wake hautokani na uchache wa alama. Unatokana na hofu: watu wana jibu tayari, na jibu hilo halimhitaji polisi. Msomaji wa Katavi halazimiki kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Hifadhi ya Katavi, na mkoa uliozaliwa kutoka Rukwa mwaka 2012, vimebeba jina la Katabi, mzimu wa Wabende ambao masimulizi huuweka kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka shinani. Mti kama huo una heshima yake, na Abdulla hakuiandikia riwaya heshima hiyo ili aikejeli. Anachoonyesha ni mtu mwenye akili timamu anayejua kwamba wenzake hawatathubutu kusogea mahali fulani, naye akapatumia mahali hapo kama kificho. Bwana Msa husogea. Huo ndio ujasiri wote wa upelelezi wake katika kitabu hiki, na pengine ndiyo sababu kinabaki kuwa bora kuliko vyote vilivyofuata.

Kisima cha Giningi kinarudia mpango uleule kwa kutumia Giningi, makao ya wachawi katika visa vya Zanzibar. Baada yake mwandishi anageuka. Majina peke yake yanatosha kumshtua msomaji: mke mmoja, waume watatu, mwana wa fulani hulewa. Maiti inapungua uzito, na swali linakuwa nani kamzaa nani, nani kaolewa na nani kwa siri, na mali iende kwa nani. Bwana Msa anaacha kufukua makaburi ya hofu na kuanza kufukua koo. Misuko nayo inakuwa migumu mno. Mahali pengine msomaji hulazimika kuchora ukoo pembeni mwa ukurasa. Wakati huohuo kisiwa chenyewe hakizeeki: kwa kiasi kikubwa kinabaki kile cha kabla ya Mapinduzi ya 1964.

Njia hiihii ya kusoma humfaa Georges Simenon, Mbelgiji wa Liège aliyeandika kwa Kifaransa riwaya 75 na hadithi fupi 28 za Kamishna Maigret, kuanzia 1931 hadi 1972. Kifaransa si kigeni kabisa katika Mkoa wa Katavi: Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ilianzishwa kama ngome na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868.

Maigret naye ana kiko, lakini kufanana kunakaribia kuishia hapo. Katika L'Affaire Saint-Fiacre ya 1932, karatasi isiyo na jina inatangaza kwamba uhalifu utatendeka kanisani, wakati wa misa ya kwanza ya Siku ya Marehemu. Saint-Fiacre ndicho kijiji alikozaliwa Maigret. Yeye mwenyewe yumo misani, na bado bibi mwenye kasri anafia kitini bila mtu kumgusa: ndani ya kitabu chake cha sala mmepachikwa kipande bandia cha gazeti kinachosema mwanawe amejiua. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Mwisho wake, anayemuumbua mhalifu mezani ni mwana wa marehemu, na Maigret amekaa tu anatazama. Miaka 23 baadaye, katika Maigret tend un piège, kamishna huyohuyo anamtegea muuaji wa wanawake mtego kwa askari wengi na kwa magazeti. Riwaya mbili hizi zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba Simenon hana kanuni moja ya kufumbua. Ana mtu mmoja anayetaka kuelewa. Abdulla ni kinyume chake. Bwana Msa hapaswi kukosa, na uzuri uko katika kumwona akieleza.

Ben Mtobwa, mwandishi mwingine wa riwaya za upelelezi, mzaliwa wa Kasulu, jirani kwa upande wa kaskazini, anahitaji mhadhara wake. Mpelelezi wake, Joram Kiango, huishi kwa mbio na hatari, na vitabu hivyo havipimwi kwa fumbo.

Kwa msomaji wa Mpanda atakayepata vitabu vitatu tu vya Abdulla, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, afuate Kisima cha Giningi, kisha aruke hadi Mwana wa Yungi Hulewa, akiwa na kalamu mkononi.