Jembe na Kalamu Shuleni

Yako mafunzo ambayo mtoto hayapati kitabuni, bali huyapata kwa kuona ni kazi gani inayoheshimiwa shuleni.

Mwaka 1928 Serikali ya Waingereza ilifungua shule huko Malangali, katika nchi ya Iringa. Mkuu wake, Bwana W. Bryant Mumford, alitaka vijana wasiache mila za wazee wao. Kwa hiyo walicheza ngoma na kutupa mikuki, na ng'ombe walichungwa shuleni. Nia yake ilikuwa njema. Walakini nje ya shule kijana aliona ya kuwa mshahara ni wa karani ajuaye Kiingereza, naye alifuata alichokiona.

Mimi nami nilipokuwa mwanafunzi, aliyechelewa alipewa jembe akalime, na aliyeshinda mtihani alipewa kalamu. Basi siku tulipoulizwa twataka kuwa nani, hakuna hata mmoja aliyejibu, "Mkulima," ingawa sote tulilelewa kwa mahindi ya baba zetu. Tulikwisha kufundishwa kuwa jembe ni adhabu.

Mwaka 2016 ada ya sekondari za Serikali iliondolewa hata kidato cha nne, na mlango u wazi kwa wengi. Enyi walimu wenzangu, msiadhibu kwa jembe. Nanyi wazazi, mtoto arudipo jioni msimwulize alama zake tu; mwulizeni pia, "Leo umemwona nani akisifiwa, na kwa kazi gani?"