Mwaka Huu Tuwachangie Walimu Wetu
(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye hafla ya kuchangia maendeleo ya nyumbani)

Tumepewa dakika kumi, na harufu ya pilau imeshatufikia, basi tutasema kwa kifupi.

Miaka yote tumechangia vitu vinavyoonekana: bati, saruji, madawati, matundu ya vyoo. Mwaka huu tunaomba mchangie kitu ambacho hamtaweza kukipiga picha. Tunataka kuwapa mafunzo walimu na wafanyakazi wa shule zetu nne za msingi, wajue kuwatambua na kuwasaidia watoto ambao ubongo wao hufanya kazi tofauti na wa wenzao. Hawa ni watoto wenye usonji, wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, na wale wanaoshindwa kutulia na kushika jambo moja.

Mwezi wa saba tulipanda kuzitembelea shule hizo. Katika darasa la tatu la shule moja tulimkuta kijana amekaa nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Mwalimu wake, mtu mwema tu mwenye watoto zaidi ya themanini darasani, alituambia, "Huyo tumeshamwacha, hajui hata kusoma jina lake." Wakati wa mapumziko tukamwona kijana huyohuyo nje ya lango akimsaidia bibi yake kuuza mihogo ya kukaanga. Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tukamjaribu kwa makusudi: mihogo ya shilingi 350, noti ya 2,000. Chenji ya 1,650 ilikuwa mkononi kabla hatujamaliza kuuliza.

Hatusemi kwamba ana disleksia. Sisi si wataalamu. Lakini shuleni pale hakuna hata mmoja aliyewahi kuelezwa dalili za kuangalia, kwa hiyo mtoto amepewa jina la mjinga na suala limefungwa.

Shule nyingine ina binti wa darasa la kwanza ambaye kengele ikigongwa huziba masikio na kukimbilia migombani. Kengele yenyewe ni rimu ya lori inayopigwa kwa nondo. Hata sisi ilitushtua. Binti huyo alikuwa akichapwa kwa utoro. Kanuni za serikali zinataka fimbo ziwe za kosa kubwa la nidhamu, zisizidi nne, na ziandikwe kitabuni. Kuziba masikio ni kosa gani? Aliyemwelewa mtoto huyo ni mlinzi, ambaye ndiye mgonga kengele. Aligundua kwamba akimwashiria kwanza, binti huziba masikio, husubiri mlio uishe, kisha huenda darasani kama wenzake. Mlinzi hakuwa amewaambia walimu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana tumewaweka walinzi na wapishi kwenye hesabu ya mafunzo.

Kule nyumbani mama wa mtoto wa namna hii huulizwa alikosea nini, au nani kamloga. Usonji hautokani na uchawi wala na malezi mabaya. Mtoto huzaliwa nao. Mwalimu akilijua hilo na kulisema kwenye kikao cha wazazi, kijiji kitamsikiliza kuliko kitakavyotusikiliza sisi wa mjini.

Kuna jambo jingine linalotuumiza zaidi. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Haki hiyo ipo. Lakini mtoto ambaye shule yake haijamtambua, nani atampeleka jina?

Lushoto si wageni wa elimu maalumu. Irente ipo shule ya wasioona, na ipo ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Lakini mtoto wa Mtae hawezi kushuka Irente kila asubuhi na kurudi. Atasoma hapohapo kwao, kwa walimu waliopo.

Sasa hesabu. Watu 64 kwa siku tatu za likizo ya Desemba, nauli na chakula shilingi 15,000 kwa siku: 2,880,000. Wakufunzi wawili kwa siku hizo, 600,000. Vifaa, zikiwemo kadi za picha na ratiba za ukutani, 720,000. Kisha mkufunzi kuitembelea kila shule mara tatu ndani ya mwaka, 1,800,000. Jumla milioni 6. Mkumbuke kwamba darasa moja la fedha za UVIKO mwaka 2021 lilitengewa milioni 20.

Wapo waliotuambia kwamba semina ni posho tu. Hawajakosea sana, tumeziona. Kwa hiyo kama fedha hazitatosha, tutapunguza shule, lakini ziara za ufuatiliaji hatutazigusa. Mwalimu hajifunzi kwa siku tatu. Anajifunza pale anapomsogeza mtoto mbele, anampa agizo moja badala ya matano, anamwuliza swali kwa mdomo, halafu kuna mtu wa kumweleza kilichoshindikana.

Taarifa ya matumizi itasomwa kwenye mkutano mkuu pamoja na risiti zake. Ahadi zinaandikwa meza ya karibu na mlango, na anayetoa taslimu asiondoke bila stakabadhi.